Usingizi wa Nyumba ya Kezia

Kimilili,
8 Juni 1997

Mwanangu Beldina,

Kuna jambo kuhusu nyumba yetu ya zamani kule mtaa wa Jericho ambalo nimelificha tangu ulipokuwa mtoto wa kulala mkekani. Mama yako halijui. Mchungaji halijui. Kezia mke wangu alizikwa bila kulijua. Nimelitanguliza kabla ya salamu ili nisipate nafasi ya kujifanya sikukusudia kulisema. Lakini usiniharakishe. Kalamu yangu siku hizi hutembea kama mimi, ikishika ukuta.

Sasa salamu. Huku tuko, na mvua imetupendelea. Mahindi ya Javan, mwana wa ndugu yangu, yamenipita urefu, ingawa hilo si jambo kubwa kwa kuwa nimejikunja. Triza mkewe ndiye anayenitunza. Ananinyima chumvi kwa amri ya daktari, na gazeti ananinyima kwa amri yake mwenyewe, ati habari za uchaguzi zinanipandisha damu. Daktari alianza kunizungusha kwa maneno matamu. Nikamwambia nilitoa dawa hospitalini nusu ya maisha yangu, aseme tu. Akasema moyo umechoka na huenda nisione mavuno ya mwaka ujao. Nilimshukuru.

Mama yako ameniandikia kwamba umeacha kazi ya cherehani kule Industrial Area, umefungua nasari Njiru, na umeiita Kwa Anti Kezia. Nilipofika hapo nilimwomba Triza maji ya kunywa.

Nimeiona tena Jericho ya wakati ule, nyumba zikiwa mpya na chokaa bado inanukia. Wanawake walipita asubuhi kwenda viwandani, kila mmoja akisimama kwanza mlangoni petu na mtoto mgongoni. Kezia alimpokea kila mtoto kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani ya moto. Sisi hatukujaliwa mtoto, unajua. Lakini jua likishachomoza alikuwa na wa mtaa mzima.

Niandikie unavyofanya kazi yako. Niandikie hasa habari za mchana, baada ya chakula.

Mjomba wako,
Mukhwana Opicho


Njiru,
29 Juni 1997

Mpendwa Mjomba,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta, nikairudia nikiwa nimeketi. Mwanzo wake umenitia hofu. Lakini umesema nisikuharakishe, nami sikuharakishi.

Mama yuko kwa kaka yangu Komarock. Macho yanamsumbua, mdomo hauna ugonjwa wowote. Alipokiona kibao changu alisema, "Umeweka jina la mtu msafi hapo. Usilichafue."

Nyumba yangu ni ya mabati, chini saruji, na nina uwanja mdogo wenye ua wa michongoma. Likizo za shule huwa naenda mafunzo ya walimu wa chekechea, na nakuambia Mjomba, yamenigeuza kichwa. Nilidhani nasari ni kukaa kimya na kuandika a, e, i. Mkufunzi wetu anasema mtoto wa miaka mitatu hujifunza kwa mikono na miguu na mdomo, tena vyote kwa pamoja. Basi nimekusanya vifuniko vya soda, magunzi, maboksi na mchanga. Wazazi wananiangalia kama mtu aliyeleta taka nyumbani. Wao wanataka daftari, kwa ajili ya ile intavyu ya darasa la kwanza. Juzi baba mmoja, makanga anayedai nauli kwenye matatu za Kangundo Road, alikuja akaniambia, "Sasa, madam. Huyu mtoi mnamfanyanga nini huku? Akifika keja anaongea mpaka mimi ndio nachoka." Nikamuuliza kama analalamika ama anashukuru. Akafikiria. "Hata sijui," akasema.

Asubuhi zangu ni nzuri. Shida ni mchana, na wewe umeuliza hapo hapo, kana kwamba ulikuwa umechungulia dirishani. Wakishakula nawalaza, na hawalali. Wawili watatu wanasinzia, wengine wanalia, mmoja anaimba. Jirani yangu Mbeti, mama Mkamba anayeweka watoto pia, kwake mchana ni kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Wazazi wanasikia tofauti wakiwa bado barabarani.

Kwa Anti hatukuwa hivyo. Nakumbuka kila kitu. Vikombe vya bati, kila kimoja na uzi wake kwenye kishikio ili tusigombane, wangu wa kijani. Uji wa wimbi. Halafu foleni ya kijiko, ile dawa tamu ya rangi ya waridi tuliyoambiwa ni vitamini, nikijaribu kupanga foleni mara ya pili na Anti akinishika sikio huku akicheka. Halafu mkeka, na sauti yake, na sikumbuki kitu kingine mpaka mama anaponibeba jua likiwa limeshuka. Sijawahi kulala vile tena maishani.

Aliwezaje, Mjomba? Na kile kijiko kilikuwa cha vitamini gani? Nikijua jina nitanunua.

Mpwa wako akupendaye,
Beldina


Kimilili,
3 Agosti 1997

Mwanangu Beldina,

Usihesabu kuchelewa kwangu kuwa ni kukusahau. Miguu ilivimba, nikalazwa kidogo katika hospitali ya misheni, nikarudi. Triza amejifungua msichana. Wanataka kumwita Kezia, nami nimewaomba wangoje kidogo. Hawakuelewa, wakadhani ni uzee.

Umeniuliza Anti yako aliwezaje. Nitakueleza nilichokiona.

Kwanza hakuwaita kwa kelele. Mtoto akiwa mbali alimfuata alipo, akachuchumaa, wakaongea macho yakiwa sawa. Pili, mikeka aliiweka mahali pale pale kila siku, na kila mtoto alijua wake. Mtoto mgeni alimlaza karibu na mlango ili aone kwamba mlango upo. Aliimba wimbo usio na maneno, na nilipomuuliza ni wa wapi alisema mama yake aliuimba akisaga. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake.

Walimjia kutoka Makadara, kutoka Bahati, mpaka akina mama wa kanisa waliovaa glavu, kumtazama anavyolaza watoto. Walikuwa wakisimama mlangoni wakinong'ona. Alijivuna, nakuambia, kwa namna yake ya kuinamisha kichwa. Pale kwenye mfereji wa maji palikuwa na mama mmoja mwenye mdomo, akamwambia mbele ya watu, "Kezia, wewe hujazaa. Haya mambo ya watoto umejifunzia wapi?" Kezia akaweka ndoo yake chini. "Nimejifunzia kwa wako, mama. Wako wana kazi." Mfereji mzima ulicheka, na yule mama naye akacheka.

Mimi wakati huo nilikuwa zamu ya usiku hospitalini. Nilirudi asubuhi mnapofika, nikalala chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati. Huenda unakumbuka mlivyofundishwa kutembea kwa vidole. "Baba amelala," mlikuwa mkiambiana. Nilikuwa nasikia. Si kila mara nilikuwa nimelala.

Kwa hiyo fanya hivi. Mikeka mahali pamoja, mgeni karibu na mlango, usiwaite kwa kelele. Hayo mengine uliyouliza nitayajibu.

Mjomba wako,
Mukhwana Opicho


Njiru,
14 Septemba 1997

Mpendwa Mjomba,

Pole kwa miguu, na hongera kwa mtoto. Hilo la jina mama amelisikia na limemuudhi. Anasema, "Mukhwana ana nini na jina la mkewe?" Nimemtuliza.

Nimefanya yote. Mikeka haihami, nawachuchumalia mpaka magoti yanalia. Mgeni yuko mlangoni, na naimba nijuavyo. Sitasema hayakusaidia. Asubuhi ndiyo imekuwa tamu zaidi. Kuna msichana hapa, Mitchelle, alikuja mwezi wa tano hasemi hata neno. Wiki iliyopita alikuwa mchangani na vifuniko vyake, nikasikia sauti nisiyoijua ikisema, "Hapa ni soko. Wewe uza nyanya, mimi nauza vitunguu." Niligeuka nikaona ni yeye. Nililia, Mjomba, nikajifanya naokota kitu.

Lakini jioni mama yake alikuja amenuna. "Beldina, mimi nakuheshimu, lakini watoto wako nawasikia nikiwa stegi ya matatu. Kwa Mbeti ni kimya. Mtoto asiyelala mchana atakuwa na akili kweli?"

Nikamwambia Mitchelle ameongea.

"Ameongea, sawa. Lakini alilala?"

Wanne wamehamia kwa Mbeti. Mkufunzi wetu alikuja kuniangalia, akakaa mpaka alasiri. Anasema wengine wamepita umri wa kulala mchana, niwape kazi ya utulivu, kelele yao si kosa langu. Maneno mazuri, ila yeye halipi kodi ya nyumba hii kwa maneno. Na mimi najua kwamba inawezekana walale, kwa sababu mimi mwenyewe nililala. Nilikuwepo. Anti alikuwa na mikono ambayo mimi sina.

Hukunijibu kuhusu kijiko.

Mpwa wako,
Beldina


Njiru,
2 Novemba 1997

Mpendwa Mjomba,

Sijapata jibu lako, na mama ana wasiwasi. Triza na aniandikie hata mistari miwili.

Huku mvua hii wanayoiita El Niño imetukalia. Uwanja wangu ni ziwa. Watoto wako ndani kutwa, mabati yanapigwa juu, wao wanapiga chini, sisikii hata sauti yangu. Waliobaki ni wachache. Mbeti amelazimika kukodi chumba cha pili.

Nafikiri kufunga mwaka ukiisha. Nilimuuliza mama kwa nini Anti Kezia alifunga, akasema, "Alichoka tu. Hata Mukhwana alisema hivyo." Basi na mimi nimechoka. Ila Anti alichoka akiwa ameshinda.

Nakuombea.
Beldina


Kimilili,
30 Novemba 1997

Mwanangu Beldina,

Barua zako mbili zimefika siku moja, zimelowa. Daraja lilikatika. Nililazwa tena, na safari hii walinirudisha nyumbani bila kuniambia nirudi lini.

Usifunge. Huyo mkufunzi wako ana akili, msikilize. Mtoto aliyejenga soko mchangani ameshasoma siku hiyo.

Kijiko kilikuwa vitamini, basi. Hakina maana yoyote. Usihangaike kukitafuta.

Mjomba wako,
M. Opicho


Njiru,
27 Desemba 1997

Mpendwa Mjomba,

Krismasi ilikuwa Komarock kwa kaka. Mama alikula vizuri, alikutaja katika maombi. Watu wengi wamesafiri kwenda kupiga kura kwao, mtaa umetulia. Nimeandika hayo ya salamu kwa sababu ndivyo ulivyotulea. Sasa nitasema kilichonikalisha chini.

Kabla hatujafunga, Mbeti alikuja kwangu. Si mtu mbaya. Alileta maembe. Alikaa akasikiliza watoto wakilia, akatikisa kichwa. "Wewe Beldina unajiua bure. Hao watoto umewasomea, mimi sijasoma, na wangu wanalala. Unajua kwa nini?" Akatoa chupa kwenye pindo la leso. "Kijiko kimoja baada ya chakula. Ni ya mafua tu, inauzwa dukani, haiui mtu. Sisi wote tunafanya. Ulidhani ni nyimbo?"

Nilikuwa na jibu la mafunzo mdomoni. Nilikuwa nimwambie kwamba Anti yangu alilea watoto wa Jericho bila mambo hayo, kwa mikono yake tu. Nikafungua chupa ili nijue ni nini ninachokikataa.

Mjomba, ilikuwa ya rangi ya waridi. Na ile harufu. Nilikuwa na miaka mitatu tena, nimeshika kikombe chenye uzi wa kijani, nasubiri zamu yangu. Nilionja kwa ncha ya kidole. Ulimi haujasahau.

Nilimrudishia Mbeti chupa yake. Aliniona nimebadilika uso, akasema, "Kwani umeona nini?"

Wewe ulitoa dawa hospitalini. Unajua. Nakuuliza kwa heshima yote, na safari hii nakuharakisha. Je, Anti Kezia alikuwa anatulaza kwa dawa? Na je, ilitudhuru? Kila nisichokijua siku hizi, kila nilichoshindwa shuleni, nakaa nakifikiria.

Nimekigeuza kile kibao, jina limeangalia ukuta. Watoto wanatakiwa kurudi wiki ya pili ya Januari. Sijui kama nitafungua. Sikuweza kuwalaza kwa mikono kama ya Anti, na kumbe hata Anti hakuwa na mikono hiyo.

Beldina


Kimilili,
11 Januari 1998

Mwanangu Beldina,

Triza amenipangia mito mgongoni ili niandike. Mama yako mwambie sijambo. Mtoto wao bado hana jina la kwao, wananingoja mimi. Salamu zimetosha.

Kigeuze kibao. Anti yako hakuwalaza kwa dawa. Mimi ndiye niliyekuwa nawalaza.

Ile nyumba ilikuwa vyumba viwili. Nilitoka zamuni asubuhi macho yakiwa yamejaa mchanga, na saa hiyo hiyo ninyi mnaingia. Mlikuwa watoto kama walivyo wako sasa. Mlilia, mkaimba, mkapiga vikombe sakafuni. Ningeweza kumwambia Kezia aache, lakini nilimwona uso wake kila alipofungua mlango. Ningeweza kuomba zamu ya mchana, lakini wakati wa usiku mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale chumba cha dawa, na mchana ningekuwa mdogo wa mtu. Basi nilitaka vyote. Nilileta chupa ya dawa ya mwasho na mafua, ile inayoleta usingizi. Nilibandua karatasi yake kwa maji ya moto. Nikamwambia Kezia, "Ni vitamini. Watoto wa mtaa huu hawapati matunda. Mpe kila mmoja kijiko baada ya uji."

Aliishika ile chupa akaniangalia. "Mukhwana," akasema, "kumbe unawapenda."

Mlilala siku hiyo mpaka alasiri. Nami nililala.

Aliamini ni wimbo. Kwa nini asiamini? Aliwaimbia, mkalala. Kila walipokuja akina mama wa kanisa kumtazama, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikisikiliza wakimsifu. Ile amani ya alasiri za Jericho tunayoikumbuka sisi sote, ambayo wewe umekuwa ukiitafuta Njiru, ambayo mimi pia nimeikumbuka kwa utamu mpaka leo, ilitoka kwenye chupa yangu. Mlipaswa kuwa nje mkicheza mchezo wa soko, kama Mitchelle. Hizo alasiri zilikuwa zenu na nilizichukua.

Siku moja mtoto wa Maingi, yule mchonga vinyago wa nyumba ya mwisho, hakuamka mama yake alipomjia. Walimwita, wakamkalisha, kichwa kikaanguka. Walimnyunyizia maji usoni mpaka akafungua jicho moja. Kezia alicheka kwa kuona fahari. "Anaipenda nyumba yangu," akasema. Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai mkononi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichokuwa karibu kutokea. Kesho yake nilileta dawa iliyotiwa maji. Sikuacha. Nilipunguza.

Umeuliza kama iliwadhuru. Nilisomea dawa, na jibu langu ni kwamba sijui. Nimewafuatilia kwa mbali wale niliowajua majina. Kila niliposikia mmoja ameacha shule sikula vizuri. Wewe nilikuombea sana. Ulipofaulu mtihani nilikunywa soda peke yangu pale soko la Burma, wala sikumwambia mtu ninasherehekea nini.

Sasa sikia kuhusu mikono. Umesema hata Anti hakuwa nayo. Alikuwa nayo. Alijua kumpokea mtoto na alijua kumsikiliza. Watoto waliokuwa hawasemi walisema kwake pia, asubuhi, kabla ya kijiko. Wako wanaolia mchana ndio watoto ambao Kezia angekuwa nao kama ningemwacha awe nao. Angewazoea. Angewapa magunzi na vifuniko, angebuni kitu, alikuwa mwepesi wa kubuni kuliko mimi na wewe. Mwambie Mbeti habari hii yote na jina langu ulitaje. Mwambie kuhusu mtoto wa Maingi. Halafu fungua mlango wako, na wakilia mchana waache mtaa usikie.

Nilidhani nikifika hapa nitakuwa nimemaliza, kwa maana chupa ndiyo uliyoiuliza. Lakini nilichokuambia katika barua ya kwanza kwamba nimekificha si chupa peke yake.

Mwaka wa sabini na tatu ufunguo wa stoo ya dawa ulipewa mtu mwingine, mtu makini, na sikuweza tena kutoa kitu. Nikamwambia Kezia vitamini zimeisha. Alisema si neno, ataongeza ndizi. Mchana wa kwanza hakuna aliyelala. Wa pili wakalia wote. Walitetemeka, walikataa chakula, walipiga vichwa ukutani, na mimi nilijua ni kwa nini, miili yao ilikuwa inaidai ile dawa, nilijua kwa jina lake la kitabuni. Kezia aliimba mpaka sauti ikakauka. Wiki baada ya wiki akina mama walianza kupita mlango wetu bila kusimama. Pale mferejini yule mama mwenye mdomo alisema tena, na safari hii hakuna aliyecheka, "Si niliwaambia? Mtu hajazaa. Mkono wa kuazima haudumu."

Alikunja mikeka siku moja nikiwa nimeketi pale pale. Alifungua nyuzi za vikombe mmoja mmoja akazifunga kwenye pindo la leso. Halafu akaja akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu, kama anayetaka niisome.

"Mukhwana," akasema, "wewe ni mtu wa hospitali. Niangalie. Mikono yangu imekuwaje?"

Aliniuliza hilo mwaka ule, na akaniuliza tena mwaka wa themanini na nane, kitandani, siku chache kabla hajafa. Mara zote mbili niliishika, nikaigeuza, nikajifanya naipima. Na mara zote mbili nilimwambia, "Haina kitu, Kezia. Umechoka tu."